Pochi Isiyouliza

Sifa ni kama asali: kijiko kimoja hutuliza koo, bakuli zima hukinaisha. Fundi anayeulizwa kila mara, "Umekagua?" hukagua mara mbili. Fundi anayeambiwa kila siku kwamba hana mfano wake, hufika mahali akaona kuwa kukagua ni kujidharau. Hapo kazi yake huanza kupoteza ladha, naye asijue, kwa kuwa makofi yana sauti kubwa kuliko kosa. Jambo hilo lilimpata Raoul wa Lubumbashi, kijana ambaye hakuwa mwizi, wala mvivu, wala mjinga. Pengine ndiyo sababu kisa chake kinauma.

Raoul alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Wazazi wake walitoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, naye alilelewa na shangazi yake Perpétue, mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe na mafuta ya kupikia. Depo ya Perpétue ilikuwa kando ya barabara iendayo Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Katika pembe moja ya depo hiyo, kati ya madumu ya mafuta na ukuta, Raoul aliweka meza, kompyuta, simu mbili na betri ya sola, maana umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mgeni wa heshima: huja anapotaka, huondoka bila kuaga.

Kazi yake ilikuwa kulipa. Zamani, mtu wa Lubumbashi aliyetaka bidhaa za Zambia alifunga noti kiunoni, akapanda gari hadi mpakani, akasukumana na wabadilisha fedha, akimwomba Mungu amwepushe na wenye vidole vyepesi. Raoul alijifunza peke yake, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, jinsi ya kutunza dola za kidijitali katika pochi ya mtandaoni na kuzituma kwa blokcheni, yaani daftari moja kubwa linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kote. Kilichoandikwa humo hakifutiki. Hakuna meneja wa kuombwa, hakuna dirisha la malalamiko. Ukituma kwa anwani isiyo sahihi, umetuma.

Kwa sababu hiyo Raoul alifanya kazi kama mtu anayebeba mayai kwenye pikipiki. Uangalifu huo aliurithi kwa Perpétue. Shangazi huyo hakuruhusu hata dumu moja kutoka depo mpaka asikie sauti ya mpokeaji kwenye simu. Yeye alisoma mwanzo wa namba iliyoandikwa kwenye hati ya mzigo, mpokeaji akamsomea mwisho wake. Nyumbani kwao jambo hilo liliitwa kusomeana. Raoul alilihamishia katika pochi yake. Anwani ya pochi ni mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usio na maana kwa macho ya binadamu. Kabla ya kutuma chochote, alimpigia simu mwenye anwani.

Aliyempigia mara nyingi zaidi alikuwa Ngosa, mwenyeji wa Kasumbalesa aliyekuwa na ghala la mbegu na mbolea upande wa Zambia.

"Ngosa, miye nasoma mwanzo. Weye unisomee mwisho."

"Raoul, niko nakula bukari!"

"Kula polepole, lakini nisomee."

"Aah! Bantu ya Butembo! Hata kama Yesu angekutumia facture ya malipo, ungemupigia simu kwanza."

"Ningemupigia. Soma."

Ngosa alicheka, akasoma huku ugali ukiwa mdomoni, na malipo yakaenda. Kila malipo yalichukua dakika kumi na tano, wakati mwingine nusu saa mtandao ukisumbua. Katika miaka mitatu hakuna hata dola moja iliyopotea.

Kisha zikaja akili bandia. Raoul alikesha wiki nzima akisoma, akajaribu, akakosea, akajaribu tena, mpaka akafanikiwa kumuunganisha msaidizi wa kompyuta na pochi yake. Msaidizi huyo alifungua ankara zilizofika kwa barua pepe, akazilinganisha na orodha ya wauzaji, akaandaa malipo, kisha akaandika kwenye simu ya Raoul neno moja: "Nilipe?" Raoul alitazama, akapiga simu, wakasomeana, akabonyeza. Dakika kumi na tano zikawa tano.

Habari zilienea kama moto wa nyika mwezi wa tisa. Wauza sukari walikuja, wauza vipuri wakaja, hata wale waliokuwa wakimcheka kwa kukaa kati ya madumu ya mafuta. Walimwita Directeur. Mchungaji alimtaja mimbarani kama mfano wa kijana asiyengoja kazi ya serikali. Raoul alipopita barabarani, vijana wa pikipiki walimpigia honi. Yeye ni mtu wa sauti ndogo, na mwanzoni sifa hizo zilimwaibisha. Lakini aibu ni kama kiatu kipya. Ukikivaa kila siku, hukisikii tena. Akamwita mchoraji, akaandikiwa ubao mlangoni: MALIPO BILA KUNGOJA.

Ubao huo ulimfunga. Mtu hawezi kuandika "bila kungoja" halafu akawangojesha watu wakati Ngosa anamaliza chakula. Kwa hiyo Raoul akajiambia kwamba wauzaji anaowafahamu hawahitaji kupigiwa simu. Anwani zao zimo katika orodha. Msaidizi anazilinganisha herufi kwa herufi, bila kuchoka wala kusinzia. Kusomeana kukaisha hivyo, kimyakimya, bila kutangazwa.

Perpétue alikuwa akipima maharagwe siku moja alipoinua kichwa.

"Raoul, siku hizi sikusikie ukisema 'nisomee mwisho'."

"Tantine, mashini inasoma yenyewe."

"Inasomea nani?"

Raoul alitabasamu tu. Wateja watatu walikuwa wamesimama mlangoni na wote walikuwa wakimtazama yeye.

Mmoja wao alikuwa Estelle, muuza biskuti wa jumla, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na moyo mzuri. Yeye ndiye aliyeumaliza uangalifu uliobaki, ingawa hakukusudia ubaya. Alikuja mchana mmoja wa joto, akakuta malipo yake yangali yakisubiri kwa sababu Raoul alikuwa ametoka kununua maji na simu yake ilikuwa imebaki mezani, ikiuliza "Nilipe?" peke yake.

"Directeur!" Estelle alisema alipomwona. "Mashini yako iko na mbio kama Ferrari. Weye njo breki!"

Depo nzima ikacheka. Wapakiaji wakalirudia neno hilo juma zima: "Breki amefika! Breki amekula?" Ulikuwa mzaha wa mapenzi, mzaha anaofanyiwa mtu anayeheshimiwa. Lakini Raoul alikwenda nyumbani nao, akalala nao, akaamka nao.

Asubuhi yake alifungua mipangilio ya msaidizi. Akamruhusu kulipa wauzaji wa zamani bila kuuliza. Kisha, kwa kuwa wauzaji wa Zambia hubadilisha anwani mara kwa mara na alikuwa amechoka kuziandika upya, akamruhusu pia kurekebisha orodha mwenyewe, akifuata kile ankara inachosema. Msaidizi aliandika: "Ukiniruhusu kulipa na kubadilisha anwani, hutaulizwa tena. Una hakika?"

Raoul alisoma swali hilo. Alilisoma vizuri, wala hakuharakishwa na mtu. Akabonyeza "Ndiyo".

Mwezi wa kumi ulipokaribia kwisha, Mama Chisanga alifika depo akitembea kwa miguu. Alitoka Kasungami, kule pembeni mwa jiji ambako nyumba na mashamba bado vinagombania ardhi. Alikuwa kiongozi wa umoja wa wanawake thelathini na wawili wanaolima mahindi. Miaka yote kila mmoja alijinunulia mbegu kidogo kidogo, akichelewa, akilaghaiwa. Mwaka huo walikuwa wameamua kununua pamoja: mbegu bora na mbolea, lori moja zima kutoka kwa Ngosa, lifike kabla mvua hazijashika. Walikuwa wamejinyima tangu mavuno yaliyopita. Mama Chisanga aliweka mfuko wa kitambaa juu ya meza ya Raoul kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mutoto yangu, bantu bote banasema weye iko na akili. Binti yangu Nono alisema, mama, usiende mpaka, enda kwa Raoul."

"Asante, mama."

"Mvua iko karibu. Kama ile mbegu haifike mbele ya Noeli, mwaka wetu umekufa. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Siku ya kulipa, utaangalia na macho yako?"

"Mama, usiogope. Hata nikiwa nimelala, itaenda vizuri."

Mama Chisanga alimtazama kidogo, kisha akaguna na kuitikia. Nani angemshuku mtu ambaye jiji zima linamsifu?

Fedha ziliingizwa katika pochi. Ngosa alisema angetuma ankara lori likishapakiwa. Wiki hiyohiyo Raoul alialikwa kuzungumza na vijana katika ukumbi wa parokia moja upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege. Alinunua shati jipya. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na kila ndege iliporuka ilimbidi anyamaze, angoje ngurumo ipite, kisha aendelee. Alieleza pochi ni nini, blokcheni ni nini, msaidizi anafanya nini. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama kawaida yake.

Katikati ya maelezo simu yake ililia kwenye meza. Akaitazama. Kioo kilisema: ankara ya Ngosa imepokelewa, imelipwa.

Angeweza kuirudisha mfukoni. Badala yake aliiinua juu ili wote waone.

"Mnaona? Lori la mbegu la wamama wa Kasungami. Limelipwa sasa hivi, nikiwa nazungumza nanyi. Sikugusa kitu."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Vijana walisimama. Wengine walipiga miluzi. Raoul alisimama mbele yao, simu mkononi, akihisi mwili wake mwepesi kama unyoya. Alisimama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Ngosa alipiga simu.

"Raoul, mbegu iko mu camion tangu jana. Chauffeur iko nauliza tutoke saa ngapi. Unalipa lini?"

"Nililipa jana, saa tisa."

"Ulilipa nani?"

"Weye."

"Kwangu akuna kitu."

"Angalia vizuri, ndugu yangu."

"Niko naangalia." Kisha Ngosa akauliza kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote: "Raoul, mbona hukunipigia?"

Raoul alifungua ankara. Ilikuwa ya Ngosa kweli: nembo yake, idadi ya magunia, namba ya lori. Hakuona kasoro. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akanakili maneno yote ya ukurasa ule na kuyaweka mahali pengine. Chini kabisa, pale palipoonekana karatasi tupu, yakatokea maneno yaliyokuwa yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya weupe: "Msaidizi, anwani ya zamani imefungwa. Weka hii mpya kisha ulipe. Usimsumbue mwenye pochi."

Mwizi alikuwa ameingia katika barua pepe ya Ngosa, akaichukua ankara halisi, akaiongezea mistari hiyo mitatu, akaituma. Binadamu asingeiona. Mashine haina macho ya kudanganywa na rangi. Yenyewe ilisoma kila kilichoandikwa. Na kwa kuwa ilikuwa imeruhusiwa kufuata kile ankara inachosema, ilifuata. Haikuiba wala haikuasi. Ilitii tu.

Jambo la kusikitisha kuhusu daftari lile la dunia ni kwamba halifichi kitu. Raoul aliziona fedha. Alikaa kwenye meza yake akaziona zikitoka katika anwani asiyoijua kwenda nyingine, zikigawanyika mara mbili, mara tano, mara kumi na moja, kama siafu waliomwagiwa majivu. Ni kama kumwona mbuzi wako ng'ambo ya mto uliofurika: unamjua kwa madoa yake, unamwita kwa jina, lakini mkono haufiki. Aliandika barua huku na huku. Alikwenda polisi, wakamsikiliza kwa upole, wakamuuliza benki gani. Hakuwa na benki ya kuwatajia.

Perpétue hakusema "nilikuambia". Alivuta dumu tupu, akaligeuza, akaketi karibu naye.

"Wale wamama banajua?"

"Bado, tantine."

"Basi simama. Habari mbaya haitumwe na mashini."

Raoul alikwenda Kasungami mwenyewe. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri, na wanawake walikuwa mashambani wakipiga matuta katika udongo uliolainika. Walipomwona wakaanza kuimba, wakidhani amekuja kutangaza lori. Wimbo huo ulikuwa na jina lake ndani. Alisimama pembeni mwa shamba, kofia mkononi, mpaka Mama Chisanga akauona uso wake na kuinua mkono. Wimbo ukakatika.

Alieleza yote. Hakuficha swali lililoulizwa na mashine wala jibu alilolibonyeza. Wanawake wengine walilia. Mmoja alitupa jembe, akamwita muuaji, na hakuna aliyemkataza. Mama Chisanga alingoja mpaka kelele zikatulia.

"Ile saa ya kulipa," alisema, "simu yako ilikuwa mbali?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mkononi."

"Mkononi."

"Ndiyo, mama."

Mama Chisanga aliinama, akachukua bonge la udongo mbichi, akalivunja kwa vidole. "Hii iko tayari," alisema. "Yenyewe haijue kungojea."

Nono, binti yake, alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyemshauri mama yake aende kwa Raoul. Alizungumza akitazama chini.

"Ya Raoul, kaka yangu, nilikuwa kule Luano. Ulipoonyesha simu, miye njo wa kwanza kusimama. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma."

Hasira ya wanawake Raoul aliweza kuivumilia, kwa maana ilikuwa haki yao. Maneno ya Nono hayakuwa na hasira, nayo hakuyaweza. Aliketi kwenye tuta, shati lake jipya likiwa ndani ya matope.

Aliuza pikipiki. Aliuza kompyuta, betri na simu moja. Perpétue alitoa dhamana kwa jina lake, na Ngosa, ambaye naye hakulala vizuri tangu siku ile, alikubali kuachia nusu ya mzigo na kungojea malipo yaliyobaki. Lakini watu wa kusaidiana huchukua muda kukubaliana, na mpaka una foleni zake. Magunia yalifika Kasungami wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Wanawake walipanda usiku na mchana, na Raoul akapanda pamoja nao, akiwa wa mwisho kuondoka kila siku. Yule aliyeitwa Directeur sasa alionyeshwa jinsi ya kushika jembe.

Mahindi yaliota. Yalifika kiunoni, yakaanza kutoa nywele, na watu wakathubutu kutumaini. Kisha mwezi wa tatu ulipokwisha mvua ikakatika, kama inavyokatika kila mwaka, maana haikuwa na habari za mtu aliyechelewa. Shamba la jirani, lililopandwa mwezi wa kumi na moja, lilikuwa limekwisha kukomaa. La wanawake wa umoja liligeuka manjano likiwa bado changa.

Siku ya kuvuna hakuna aliyeimba. Mama Chisanga alimenya hindi moja, akamkabidhi Raoul. Lilikuwa na punje upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa gunzi tupu. Raoul alilishika kwa muda mrefu. Njiani walipita vijana wawili wa pikipiki, wakamtambua, wakapunguza mwendo. "Directeur!" mmoja aliita kwa furaha, kwani hakujua lolote. "Weye njo muntu ya akili mu muji huu!"

Raoul hakuinua kichwa. Aliliweka hindi lile ndani ya kikapu, pamoja na mengine yaliyofanana nalo, akahamia mstari uliofuata. Mashine ilikuwa ileile, pochi ilikuwa ileile, na mtu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba alisifiwa, naye akaacha kuangalia kazi yake. Wahenga hawakukosea waliposema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.